Besi Yangu na Kuku wa Mke Wangu

Nilianza kupiga besi nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, umri ambao wenzangu wengi kiwandani walikuwa wameshaacha hata kucheza mpira. Bendi ya shirika moja la umma pale Arusha ilikuwa imevunjika kwa sababu shirika lenyewe halikuwa tena na nguvu ya kulisha wanamuziki, na vyombo vikatawanyika, huyu kachukua spika, yule kachukua tumba. Mpiga besi wao alikuwa anarudi kwao Tanga na alikuwa anataka baiskeli. Mimi nilikuwa na baiskeli. Tukabadilishana nje ya stendi. Yeye akaipandisha baiskeli juu ya basi, mimi nikarudi Moshono kwa miguu, gitaa begani kama jembe.

Mke wangu alinipokea mlangoni. Alilitazama gitaa, kisha akatazama nyuma yangu kuitafuta baiskeli.

"Nyuzi nne tu?" akauliza. "Hata hawakukupa zote?"

Nikamweleza kwamba besi ndivyo ilivyo, ina nyuzi nne. Akasema haya, akaenda kupakua chakula. Ndivyo alivyo hadi leo. Jambo likishafanyika, halipotezei maneno.

Mimi ni fundi umeme. Miaka hiyo, mwanzoni mwa tisini na kitu, nilikuwa kwenye kiwanda cha serikali, na hapakupita muda bila uvumi mpya kwamba kinauzwa. Mara kwa Wakenya, mara kwa watu wa Afrika Kusini, mara kwa tajiri fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Madukani kulikuwa kumejaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu: sabuni za kila rangi, redio kaseti, biskuti za kwenye makopo. Kazi ndizo zilizokuwa zinapungua. Mke wangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika moja, na walipoanza kupunguza watu, yeye alikuwa katika kundi la mwanzo kabisa. Alirudi nyumbani mchana na kikombe chake cha chai na sweta aliyokuwa akiiacha kwenye kiti cha ofisini. Akaviweka mezani, akakaa. Kwa siku nyingi hakutaka kuongea na mtu yeyote, hata mama yake.

Kisha akaanza kufuga kuku wa mayai. Arusha nzima ilikuwa inafuga kuku wakati huo. Ukipita Moshono asubuhi ungedhani kila nyumba imeajiri jogoo. Banda letu nililijenga mwenyewe, na ili kuokoa mbao na matofali nikaliegemeza kwenye ukuta wa stoo. Mke wangu akawatunza wale vifaranga kwa taa ya chemli, akiamka kuwatazama kama watoto wachanga. Walipokua na kuanza kutaga, niliona mabega yake yakinyooka. Alivaa tena magauni yake ya ofisini, akajifunga khanga juu yake, akaingia bandani. Kuku wale ndio walikuwa ofisi yake.

Na mimi stoo ndiyo ilikuwa yangu. Nilitengeneza amplifaya kutokana na redio kubwa ya zamani na spika niliyoiokota kwenye takataka za ukumbi mmoja, nikaipanga kati ya majembe na magunia. Kila jioni nikitoka kazini nilikunywa chai, nikaingia stoo, nikajifunza. Nyuzi mpya hazikupatikana kirahisi, kwa hiyo nilizichemsha za zamani kwenye sufuria yenye magadi kidogo ili zitoe jasho la yule bwana wa Tanga na kurudisha sauti. Ilikuwa sufuria ya wali. Kwa hilo tuligombana, nikanunua sufuria yangu.

Bendi tulikuwa wanne. Gitaa la solo alipiga fundi cherehani wa Kaloleni, mtu wa makamo, Mwislamu ambaye babu yake alikuja bara kutoka pwani. Karakana yake ndimo tulimofanyia mazoezi Jumapili alasiri, vyerehani vikiwa vimesukumwa ukutani na vipande vya vitambaa vikituzunguka miguuni. Mwimbaji alikuwa mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki, mwenye sauti ambayo ukiisikia kwa mara ya kwanza unageuka kutafuta inatoka wapi. Tumba zilipigwa na kijana wa Kiarusha kutoka Oldonyo Sambu, dereva wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Tuliitana kwa kazi zetu: Fundi, Mwalimu, Dereva. Mimi walikuwa wananiita Besi.

Hatukuwa na wimbo hata mmoja wa kwetu, wala hatukuutafuta. Tulipiga nyimbo za watu: za dansi za zamani za hapa kwetu, za Zaire, na rege mbili tatu kwa ajili ya Dereva. Nyimbo za Kilingala Mwalimu alizishika kwenye kaseti neno kwa neno bila kujua maana ya hata moja. "Siku nikikutana na Mkongo nitaona aibu," alisema. "Inawezekana ninatukana watu."

Sijui namna ya kumweleza asiyepiga besi utamu wake. Kiwandani mimi ndiye niliyeitwa mashine ikizimika, na wote walinitazama usoni wakingoja nitoe jibu. Kwenye bendi hakuna aliyenitazama. Mwalimu ndiye aliyetazamwa, na Fundi alipoanza kuzipandisha zile noti zake watu walimfuata kwa macho. Mimi nilisimama nyuma karibu na tumba na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeanguka. Siku ya kwanza besi yangu na tumba za Dereva zilipogonga pamoja, sawasawa, nilihisi kama mtu aliyekuwa akitembea kwenye tope akakanyaga sakafu. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mimi na stoo yangu, yeye na banda lake, ukuta mmoja katikati. Halafu kuku wakaacha kutaga.

Haikuwa ghafla. Mayai yalipungua kidogo kidogo, kisha yakawa madogo, mengine yana ganda laini kama ngozi. Mke wangu alibadilisha maji, akabadilisha matandiko, akaning'iniza majani ya mchicha. Mama mkwe akaja kutoka kwake, akawatazama na kusema kuna jicho la mtu. Mwishoni tukamwita bwana mifugo.

Alikuwa mtu mpole, mwenye buti za mpira na koti lililofubaa. Aliwashika kuku mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawatazama macho na kinyesi. Akasema haoni ugonjwa.

"Hawa wa mayai ni wepesi wa kushtuka," akasema. "Hapa kuna mbwa anayewasumbua? Kuna gari linapita karibu? Kuna kelele yoyote?"

Mke wangu alimwachia kuku aliyekuwa amemshika. Kisha akanitazama.

"Kuna besi," akasema.

"Besi gani?"

Ikabidi nimwonyeshe. Nikaingia stoo, nikawasha amplifaya, nikapiga kipande cha wimbo mmoja wa dansi, si kwa nguvu. Bwana mifugo alikuwa amesimama bandani, kiganja kimebandikwa ukutani. Nilipotoka alikuwa bado amekibandika.

"Mzee," akaniambia, "hii hata mimi inanishtua."

Hakuwa na ubaya. Alisema tu alichofundishwa, kwamba kuku wa mayai hawataki kelele, na kwamba ukuta ule ulikuwa unatetemeka. Akatuachia dawa ya vitamini ya kuweka kwenye maji, akaenda zake. Sisi tukabaki tumesimama pale uani.

"Sijasema uache," mke wangu akasema.

"Najua."

"Nimejibu alichouliza."

"Najua, mama watoto."

Nikajaribu kwanza kupiga bila umeme. Nilikaa kitandani, nikalaza kidevu juu ya gitaa ili niisikie sauti kupitia mfupa. Lakini kuku hawakuongeza hata yai. Kila jioni mke wangu alitoka bandani na kikapu chepesi mno, akapita mbele yangu bila kusema kitu, na kule kutosema kulinikaa kifuani. Nilikuwa ninamkumbuka siku ile na kikombe chake mezani. Niliwaza, huyu ameshanyang'anywa ofisi moja, sasa mimi ninamnyang'anya ya pili kwa mchezo wa jioni.

Nikalifunga gitaa kwenye shuka kuukuu, nikalipandisha juu ya dari ya stoo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kaloleni mikono mitupu. Siku hiyo hiyo, kabla sijafungua mdomo, Dereva akatangaza anaoa. Harusi ingekuwa kwao Oldonyo Sambu baada ya mavuno, na hakuwa anataka bendi nyingine wala muziki wa kaseti. Alitaka sisi, na yeye mwenyewe angepiga tumba akiwa na suti yake ya bwana harusi. Tulimpa mkono, Mwalimu akapiga vigelegele. Kisha wote wakanitazama, maana hawakuona gitaa.

Nikawaeleza. Hakuna aliyecheka, ingawa nilitegemea wacheke. Fundi alivua miwani yake, akaifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Kuku ni riziki," akasema. "Siwezi kukwambia urudi. Ila sasa mimi nani atanishikia hapa chini?"

Walijaribu wimbo mmoja bila mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja. Fundi alikuwa akikimbia, Mwalimu akimfuata, Dereva akijaribu kuwarudisha. Walipomaliza Fundi akasema, "Koti bila bitana." Nikaaga mapema.

Kilichofuata ni kipindi ambacho sipendi kukikumbuka, ingawa hakuna kibaya kikubwa kilichotokea. Nilitoka kazini, nikanywa chai, nikakaa. Nilitengeneza kila kitu kilichokuwa kimeharibika nyumbani, na vingine ambavyo havikuharibika. Nilipalilia migomba. Kiwandani uvumi ulikuwa umechacha na watu walishinda wakihesabiana miaka ya kazi, nani ataguswa, nani ataachwa. Zamani niliuacha uvumi huo getini kwa sababu kichwani nilikuwa na wimbo wa kufanyia kazi. Sasa niliurudisha nyumbani, nikala nao.

Jioni moja tulikuwa mezani, mke wangu akaweka kijiko chini.

"Hata hapa?" akauliza.

Sikumwelewa mpaka nilipotazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vinatembea ukingoni mwa meza, vinapiga. Nikauficha mkono mapajani, na watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu alikuja kututembelea Jumamosi moja na kilo ya sukari, kwa kisingizio cha kutusalimia. Nilikuwa uani ninachonga mpini. Niliwasikia jikoni, wanawake wawili, wakiongea kwanza habari za shule na bei ya unga, kisha sauti ya mke wangu.

"Usifikiri mimi ninapenda, Mwalimu. Tangu aache, amekuwa kama mgeni humu ndani. Anashukuru hata nikimpa maji. Lakini nifanye nini? Wale kuku ndio nilichonacho."

"Na wameanza kutaga?"

Nikasikia kijiko kikikoroga chai.

"Bado," akasema. "Labda wanahitaji muda."

Niliendelea kuchonga ule mpini hadi ukawa mwembamba, haufai tena.

Chakula cha kuku tulikuwa tunakinunua kwa mtu mmoja mjini. Miaka ya nyuma kilipatikana sehemu moja tu, cha shirika, kikipatikana. Sasa kila mwenye mashine ya kusaga alichanganya chakula chake na kukitia kwenye mifuko, na huyu wa kwetu alikuwa mwepesi wa maneno na alituletea hadi mlangoni. Siku moja hakuleta, sijui gari lake lilikuwa limeharibika. Mke wangu akaamua kwenda gulio la Ngaramtoni kutafuta pumba za kuwatuliza kuku mpaka mzigo ufike. Aliondoka asubuhi na kikapu. Mimi nilikuwa nyumbani, ilikuwa sikukuu.

Alirudi mchana. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alikuwa ananiita kutoka barabarani, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Baba watoto! Baba watoto, uko wapi?"

Nikatoka mbio nikidhani kuna msiba. Alikuwa anahema, khanga imemteleza kichwani, na kikapu hakina pumba hata kidogo.

"Lete ndoo," akasema. "Jaza maji."

"Kuna nini?"

"Lete ndoo kwanza!"

Nikaleta. Akaenda bandani, akatoka na kopo la chakula kilichobaki chini ya gunia, akalimwaga lote majini, akakoroga kwa mti. Huku anakoroga ananisimulia, maneno yakigongana. Kule gulioni alikuta mwanamke wa Ngaramtoni, mfugaji kama yeye, anamlalamikia muuza pumba kwamba kuku wake wameacha kutaga na mayai machache anayopata ni laini. Mke wangu akamsogelea.

"Nikamuuliza," akasema, "dada, samahani, kwani na kwenu kuna mtu anapiga besi?"

"Akasemaje?"

"Alinitazama kama mwendawazimu! Akaniuliza, besi ni nini?"

Hapo alianza kucheka, akashindwa kuendelea, akafuta macho kwa mkono wenye pumba. Mume wa yule mama alikuwa mzee wa kanisa, nyumba yao iko peke yake katikati ya mashamba ya mahindi, hakuna gari, hakuna redio kubwa, hakuna chochote cha kumshtua kuku. Lakini chakula walinunua kwa mtu yule yule. Na jirani yake pia, na kuku wa jirani nao wamegoma. Yule mama ndiye aliyemwambia habari ya ndoo.

Tukainama wote wawili. Maji yalitulia taratibu. Juu kulielea pumba, na ndani ya pumba unga wa mbao, ule mwekundu wa mashine za kupasulia magogo. Niliuchukua kwa kidole, nikaunusa, nikaujua. Mke wangu akamwaga maji kwa uangalifu. Chini ya ndoo, mahali ambapo tungekuta vichwa na mifupa ya dagaa, ulibaki mchanga. Mchanga safi kabisa, wa kujengea.

"Tumekuwa tunawalisha nyumba," nikasema.

Yeye aliushika ule mchanga, akauacha upite katikati ya vidole. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Lakini aliponigeukia uso wake ulikuwa na kitu kingine.

"Haikuwa wewe," akasema. "Miezi yote hii. Haikuwa wewe."

Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mkubwa kiasi gani mpaka alipoutua. Nilisema ninakwenda kunawa mikono, nikapita migombani hadi kwenye mfereji, nikakaa ukingoni. Maji yalikuwa ya baridi kama yanavyokuwa yakitoka mlimani. Nilinawa mikono, nikanawa uso, nikanawa tena, kisha nikagundua ninalia, na ninacheka, na sitaki kuacha lolote kati ya hayo mawili. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima Meru wote. Nilikaa pale mpaka mtoto wetu mkubwa akaja kuuliza kama nimeanguka.

Mke wangu alikwenda mwenyewe kwa yule mwenye chakula, yeye na yule mama wa Ngaramtoni, wakiwa wamebeba ndoo yao. Muuzaji alichowaambia, kwamba yeye naye alitapeliwa na waliomletea dagaa, labda ni kweli. Hawakurudi kwake tena. Walianza kuchanganya chakula wenyewe, wakinunua mashudu ya alizeti na dagaa pamoja, na wakawa mashoga mpaka leo.

Kuku hawakupona kwa siku moja. Ila jioni ile ile ya ndoo, nilipomaliza chai, mke wangu aliingia stoo, akaweka ngazi chini ya tundu la dari.

"Lishushe," akasema.

"Tusubiri wapate nguvu kwanza."

"Lishushe, nimesema. Nataka nione kwa macho yangu."

Nikalishusha, nikalifungua. Yeye akaenda kusimama bandani, akaniambia nipige. Nilipiga polepole mno, vidole vimekuwa laini kama vya karani, kila noti inaniuma. Nikanyamaza kusikiliza. Kimya.

"Vipi?" nikauliza kupitia ukutani.

"Mmoja amejikuna," akasema. "Wengine hawana habari na wewe. Endelea."

Jumapili nilipoingia Kaloleni na gitaa, Fundi aliondoa cherehani kimoja kilichokuwa kimewekwa mahali pangu. Dereva akaweka mikono kichwani, akazunguka karakana nzima. Mwalimu aliuliza kama kuku hawajambo.

Harusi ilifika kabla vidole havijakomaa. Tulikwenda kwa lori la rafiki wa Dereva, vyombo na watu pamoja, mke wangu akiwa amekaa juu ya boksi la spika, gauni lake amelifunika na shuka kuzuia vumbi. Tuliifuata barabara ya Nairobi, tukapita Ngaramtoni, na kadiri tulivyozunguka mlima migomba ilipungua, kijani kikapauka, upepo ukawa mkali. Oldonyo Sambu kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wazee wa kanisa wenye suti, wazee wengine wenye shuka na fimbo, akina mama wenye shanga shingoni wakipika loshoro, yale makande ya maziwa mgando, kwenye masufuria makubwa. Ibada ilikuwa imekwisha. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya zizi.

Niliogopa. Niseme kweli, niliogopa kuliko siku yoyote kiwandani. Baba yake Dereva, mzee mrefu aliyekuwa mwinjilisti wa usharika, alikuwa ameruhusu muziki kwa shingo upande, na alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo, anatutazama.

"Shikamoo mzee," nilimwambia nilipopita na waya.

"Marahaba," akajibu. "Huo ndio muziki utakaopiga kelele?"

"Tutajitahidi isiwe kelele, mzee."

Dereva akatoka meza kuu, akavua koti, akampa bi harusi alishike, akaja kwenye tumba. Watu wakashangilia. Fundi akaanza, Mwalimu akapokea, na mimi nikaingia. Noti zangu za mwanzo zilikuwa na wasiwasi, upepo ukazichukua. Kisha Dereva aligonga, nikagonga naye, na ile sakafu ikarudi chini ya miguu yangu, pale pale kwenye vumbi. Vidole viliuma na sikujali. Akina mama waliacha masufuria. Vijana wakaja na kuruka kwao kwa Kimaasai juu ya wimbo wa Zaire, na vikaelewana kabisa. Mzee mwinjilisti hakucheza, lakini katikati ya wimbo wa tatu au wa nne niliona fimbo yake inagonga ardhi taratibu, na haikukosea hata mara moja.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na spika, mkono kinywani. Tulipopumzika alikuja moja kwa moja kwangu na glasi ya soda.

"Kumbe ndiyo hiyo?" akasema.

"Ndiyo ipi?"

"Hiyo unayopigaga stoo. Dum, dum, dum, kila jioni. Mimi nilidhani ndiyo wimbo wenyewe! Nilikuwa ninajiuliza, mume wangu ana akili timamu, anapenda nini kwenye kitu kama kile." Akatazama vyombo, akamtazama Fundi aliyekuwa anafuta jasho. "Kumbe wengine wamesimama juu yake."

Sijawahi kusikia mtu akiisema vizuri zaidi. Nikanywa soda.

Kiwanda kiliuzwa baadaye na nikawa katika waliopunguzwa, na hata hilo halikunimaliza kama nilivyokuwa nimeogopa. Mafundi umeme wanahitajika siku zote, na mji ulikuwa unajengwa kila upande. Bendi yetu iliendelea miaka kadhaa, harusi hapa, kipaimara pale, haikupata jina wala haikulitafuta.

Lakini ninapoifikiria, ninaikumbuka zaidi safari ya kurudi jioni ile. Lori lilikuwa linateremka kuelekea Ngaramtoni, jua bado lipo. Mke wangu na Mwalimu walikuwa wanabishana juu ya maana ya neno moja la Kilingala ambalo wote wawili hawalijui. Fundi alikuwa amesinzia, kofia imemwangukia puani. Mimi nilikuwa nimeegemea ubavu wa lori, ncha za vidole zimevimba, vumbi kila mahali mwilini, na sikuwa na wasiwasi wa kitu chochote.